Maswali na Majibu: Akiolojia na Historia ya Sanaa Kanda ya Ziwa

Nimemaliza kidato cha sita kwa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), naishi Igoma. Akiolojia ina hesabu?

Ipo, lakini unaiweza. Kaboni 14, tunayoipima kwenye mkaa ili kujua umri wake, hupungua nusu kila miaka 5,730, kwa hiyo mkaa uliobakiza robo una takriban miaka 11,460. Sifa za kujiunga zisome kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka unaoomba.

Tumetoka fildi. Vigae vya vyungu vimeota ukungu na msimamizi ameukataa mkaa wangu. Nimekosea wapi? (Mwaka wa pili, Kisesa)

Ukungu umeletwa na unyevu uliofungiwa. Tandaza vigae kivulini vikauke kabisa ndipo uvitie mfukoni. Chenye ukoko mweusi kwa ndani usikioshe: hayo yanaweza kuwa mabaki ya chakula, na maabara inaweza kutambua kilichopikwa.

Mkaa huharibika ukishikwa kwa vidole au ukifungwa kwa pamba au tishu, maana vitu hivyo vina kaboni ya leo. Uchukue kwa ncha ya mwiko safi wa kuchimbia, uufunge kwenye foili. Penye mbegu zilizoungua au vijiti, chagua hivyo. Kiini cha gogo kubwa huwa kimezeeka miaka mingi kabla mti haujakatwa, nacho kitaisogeza tarehe yako nyuma.

Ila kagua zaidi matabaka yako, ndiko wengi wanakoumia. Shimo la mita 1 kwa 1 mnalishusha sentimita 10 kila hatua. Udongo ukibadilika rangi kwenye sentimita ya 6, simama hapo hapo, fungua mfuko mpya. Tundu la panya lichimbe peke yake, kwa sababu hushusha vitu vya juu hadi chini. Andika lebo mbili kwa penseli, moja ndani na moja nje ya mfuko. Wino hufutika kwa unyevu. Kigae kisichojulikana kimetoka tabaka gani kimekufa, hata kiwe kizuri namna gani.

Insha yangu ya michoro ya miambani imerudishwa: "umetaja maana kabla ya kutazama".

Mwalimu wako yuko sahihi. Anza na mwamba wenyewe: unaelekea wapi, mchoro uko juu kiasi gani kutoka ardhini, rangi ipi imepakwa juu ya ipi. Pima upana wa mstari. Ukilingana na kidole, sema hivyo. Maana ije mwisho. Piga picha ukiwa na kipimo cha sentimita 10, wala usimwagie maji au kupaka chaki ili rangi ionekane. Unaiharibu.

Mjomba analima Sengerema, jembe limetoa vigae. Nivilete chuoni?

Hapana, mwambie aviache palepale. Piga picha, chukua GPS, mpe mhadhiri wako; kuchimba kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kwenye picha onyesha mdomo wa chungu na kitako. Kitako chenye kibonyeo na mdomo uliokatwa bapa ni dalili za Urewe, ufinyanzi wa wakulima wa kwanza waliofua chuma pande hizi za ziwa, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.