Jina la mjomba wako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mkeo, kwa Ukatoliki wake, anaandaa bahasha ya majina ya marehemu wa kuombewa kwenye misa ya tarehe 2 Novemba, amekuomba majina ya upande wetu, nawe unauliza kama sisi Wamoravian tunaweza kukubali jina la mjomba wako liandikwe.

Kwanza nami nikuulize: alipokuwa hai, nani alimwombea? Unajua alivyotengwa alipooa mke wa pili. Unajua alivyougua pale Kiwira masika yote. Akina mama wa maombi walipita mbele ya uwanja wake wakiimba, wanakwenda kuwaombea wagonjwa ng'ambo ya mto, naye amelala ndani anawasikia. Mtu aombewe angali anasikia! Nimelisema tangu mkiwa wadogo. Paulo alimwagiza Timotheo dua zifanyike kwa ajili ya watu wote, wafalme na wenye mamlaka wakiwamo, na wenye mamlaka wa siku zile hawakumjua Kristo. Ikiwa wale waliombewa, mume wa wake wawili anashindikana wapi?

Siku ya mazishi kengele haikupigwa, mchungaji hakuja. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Rungwe isiyokatika. Bibi yako akainama, akachota udongo, akasema kwa sauti ya kufika barabarani: "Bwana, mpokee mwanangu, usimwulize mengi." Wazee wa kanisa walikuwa wamesimama nje ya uzio. Hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Nikikumbuka mpaka leo kifua kinanijaa.

Sasa ile ilikuwa sala ya marehemu, au kilio cha mama tu? Waebrania 9:27 inasema mtu hufa mara moja, kisha hukumu, na mstari huo nimeushika tangu kipaimara. Mkeo atakuonyesha katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo jinsi Yuda Makabayo, jemadari wa Wayahudi, alivyochangisha fedha zipelekwe Yerusalemu, sadaka ya dhambi za askari waliouawa. Kitabu hicho katika Biblia yetu hakimo. Lakini Onesiforo, yule aliyemsaidia Paulo kifungoni, yumo, katika barua ya pili kwa Timotheo. Paulo anawasalimu watu wa nyumba yake, mwenyewe hamsalimu, anamwombea tu apate rehema "siku ile". Wapo wanaosema alikuwa amekwisha kufa. Andiko halisemi, nami sitalisemea. Tena kila Pasaka alfajiri sisi wenyewe tunasimama makaburini, tunaomba tudumu katika ushirika na waliotutangulia. Hiyo nayo tuiiteje?

Ulimi unaniwasha, lakini sikuamulii. Nyumba ni yenu, ongeeni wawili. Mkiandika, liwe jina la ubatizo, lile lililo msalabani, si la utani.

Na yule mke wake mdogo bado yuko Kiwira, mguu unamsumbua, kanisani hakuna anayemtaja. Huyo asingojee Novemba. Mpigie Jumapili baada ya ibada, wewe na mkeo, msali naye hapohapo kwenye simu. Namba yake anayo dada yako.

Mama yako