Mtoto asizoee maumivu ya kitana

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: nywele za kipilipili zitunzwe saluni au nyumbani, na ni wapi mtu anaokoa fedha? Nililisoma swali asubuhi kabla sijafungua cherehani, nikaliweka kando, na mchana bado lilikuwa linanisumbua. Jibu langu ni nyumbani, na ninalo tangu zamani. Lakini hesabu ya fedha mniwie radhi, sitaifanya. Mwenye chupa moja ya mafuta ya nazi atatumia kidogo, mwenye kununua kila kopo jipya atamzidi hata yule wa saluni, na hapo hesabu imekwisha. Ninalotaka kulijibu ni jambo ambalo swali lenu limelipita bila kulisalimia: kwa nini watoto wetu wa kike wanaogopa kuguswa kichwa?

Pita mtaa wowote hapa Moshi Jumapili jioni, Njoro, Pasua au Majengo, utasikia mtoto analia anachanwa kwa ajili ya Jumatatu. Jirani hashtuki. Kilio kile tumekizoea mpaka tunakijua ni cha nini bila kuchungulia. Na mtoto akilia sana tunamtolea methali, kwamba ukitaka uzuri sharti udhurike. Methali hiyo kwa mtu mzima aliyeamua mwenyewe sina neno nayo. Kwa mtoto wa miaka minane naikataa, na nitasema kwa nini.

Desemba moja dada yangu alipandisha watoto kutoka Dar es Salaam kuja Kibosho kwa bibi, kama sisi sote tunavyopanda. Binti yake alikuwa darasa la tatu, kichwani ana rasta zilizokaa tangu kabla ya mitihani. Nywele zake zilikuwa zimeota chini ya rasta, na pale shinani vumbi na mafuta vilikuwa vimegandana vikawa vifundo vya kijivu. Dada akaniambia, "Mpeleke mjini akatiwe dawa ya kunyoosha, kichwa hicho hakipitiki kitana." Wiki ya Krismasi saluni za mjini mnazijua: foleni mpaka nje, bei imepanda, na msusi ameshika vichwa tangu alfajiri, vidole vimechoka. Nikamwambia aniachie mimi.

Nilimwita mtoto, mkononi nina chanuo tu. Kabla sijamfikia akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa. Hakulia wala hakukimbia. Alijifunika, akaniuliza, "Mama mdogo, utanivuta?"

Nikaliweka chanuo chini. Nilikasirika, ingawa si kwa mtoto, na hasira ile ndiyo inayoandika barua hii mpaka leo.

Tuliketi barazani, mimi kwenye kigoda, yeye mkekani katikati ya magoti yangu, bibi pembeni yetu na kisahani cha mafuta ya nazi. Tulifumua pole pole. Kila rasta ikitoka, kile kifundo cha shinani tulikipaka mafuta na kukisugua kwa vidole mpaka kilegee, tukivuta uchafu nje kabla maji hayajagusa kichwa. Hilo wengi hawalijui: kifundo chenye vumbi kikilowa kabla hakijachambuliwa hukaza, na hapo ndipo mtu anaomba mkasi. Nusu ya kichwa ilipofumuliwa, mtoto akaona rundo la nywele mapajani mwangu akaanza kutetemeka, akidhani zinang'oka zote. Nikamweleza kwamba mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku, zile ambazo wakati wake umekwisha. Ukiwa umesuka hazina pa kuangukia, hunaswa humo humo, na siku ya kufumua hutoka zote pamoja. Bibi akasema, "Zimekufa zamani hizo mama, zilikuwa zinasubiri mlango." Akacheka, mtoto akacheka naye.

Maji tuliyapasha kwenye jiko la mkaa yakawa ya uvuguvugu. Nilimgawa kichwa kwa mafungu, kila fungu nikalisokota likae peke yake, maana ukiosha kipilipili zote kwa pamoja unazirudisha kulekule kwenye vifundo. Dada akaleta sabuni ya mche, eti ndiyo inayotakatisha. Nikaikataa. Sabuni ile kwa kipimo cha pH, kinachoonyesha uchachu au ukali wa kitu kama magadi, hufika 9 au 10, wakati nywele zimezoea karibu na 5. Ukiziosha kwayo magamba madogo ya unywele husimama, unywele ukamshika mwenzake, na ukitoka hapo kitana hakipiti kweli. Nilitumia shampuu niliyoichanganya na maji kwenye chupa, nikaisugua ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole bila kucha, povu likateremka lenyewe kwenye nywele.

Kisha kondishena, nyingi, mpaka fungu likawa linateleza. Kwanza vidole, ndipo chanuo la meno mapana. Mimi ni fundi cherehani, na uzi ukijifunga huwezi kuuvuta kutoka kwenye bobini. Unaanza mwishoni, kwenye ncha iliyo huru, unarudi nyuma kidogo kidogo. Nywele nilizichana hivyo hivyo, kuanzia nchani nikipanda kuelekea shinani, na mkono wa kushoto umelishika fungu juu ya pale ninapochana ili mvuto usifike kwenye ngozi. Mambo ni hayo tu. Mtoto alikuwa amepandisha mabega mpaka masikioni, anasubiri maumivu. Fungu la kwanza likapita, la pili likapita. Niliona mabega yanashuka. Tulipofika kisogoni alikuwa ananisimulia mambo ya shuleni, nani kagombana na nani, kama vile kichwa si chake.

Katikati ya kazi shangazi yetu mmoja akaja na bakuli la parachichi lililopondwa, maana Kibosho maparachichi yanaanguka yenyewe na mitandaoni amesikia ni dawa ya nywele. Nyama ya parachichi haiingii ndani ya unywele. Hukaa juu, na vipande vyake hunasa kwenye kipilipili mpaka kesho. Tulilila kwa mkate. Mafuta yaliyokamuliwa ya parachichi ni sawa kufungia unyevu, kama yalivyo ya nyonyo, ila mafuta ya nazi yana sifa ambayo mengine mengi hayana: yanapenya ndani ya unywele wenyewe, ndiyo maana nayapaka kabla ya kuosha. Lakini wasomaji, mafuta hayaleti maji. Nywele za kipilipili ni kavu kwa sababu mafuta ya ngozi ya kichwa hayawezi kuteremka kwenye unywele uliojikunja namna ile, na kila kona ya unywele ni mahali pa kukatikia. Kwanza maji, halafu mafuta ya kuyazuia yasitoke. Anayepaka mafuta ya mgando juu ya nywele kavu miezi ya vumbi, Januari na Februari, anafungia ukavu ndani.

Jioni bibi akaomba uzi mweusi. Akamzungushia kila fungu kutoka shinani hadi nchani, bila kukaza, mikono yake ikienda bila yeye kuangalia. Mtoto akalala amefunga kitambaa laini. Asubuhi tulipoutoa uzi, nywele zilimfika mabegani. Hakuamini ni zake, kwa sababu kipilipili ikikauka hujikunja hadi chini ya nusu ya urefu wake na kumficha mwenyewe alichonacho. Hapakuwa na moto, wala pasi, wala kitana cha kupashwa jikoni. Bibi akamsuka twende kilioni za nywele zake mwenyewe, wakaenda Misa.

Najua nimekaa sana hapo barazani. Lakini kuna neno la dada yangu ambalo mpaka leo sijalimaliza. Alisimama mlangoni akitutazama, akasema, "Mbona kwangu analia?" Nikamjibu haraka, "Kwako unamchana zikiwa kavu, saa mbili usiku, na kesho shule." Ilikuwa kweli. Ila sasa ninapoandika naona kwamba jibu lile lilikuwa na kitu kingine ndani yake. Saa mbili usiku ndiyo saa aliyonayo. Anatoka nyumbani giza, anarudi giza, foleni za Dar mnazisikia. Mimi ile siku nzima ya baraza niliipata kwa sababu ilikuwa likizo, bibi alikuwepo, maji yalikuwepo na jiko lilikuwa linawaka.

Ninaye jirani anayeuza ndizi na mboga soko la Mbuyuni. Ana mabinti watatu. Zamani aliwachana mwenyewe usiku, amechoka, taa hafifu, na vilio vyao nimevisikia kupitia ukuta. Siku hizi huwapeleka kwa mama mmoja mtu mzima anayesuka kwenye baraza lake Pasua. Nilikwenda naye mara moja kumpelekea nguo, nikamkuta yule mama amelowesha nywele kwa maji na kondishena kwenye chupa ya kupuliza, anachambua kwa vidole, na mtoto amelala usingizi kwenye paja lake. Usingizi kabisa, mdomo wazi. Sasa mimi mwenye jibu la "nyumbani" nimwambie nini jirani yangu? Kwamba angemrudisha mtoto kwenye taa hafifu na mkono uliochoka, kwa vile ni mkono wa mama? Siwezi.

Na kuna la shule, ambalo swali lenu halikuligusa. Shule nyingi za serikali msichana hunyolewa. Sitaki kugombana na walimu leo, wana sababu zao za usafi na muda wa masomo. Lakini matokeo yake ni haya: msichana anamaliza kidato cha nne hajawahi kuosha nywele zake mwenyewe zikiwa ndefu kuliko kidole. Siku anaachiwa kufuga, hajui hata pa kuanzia. Baada ya wiki chache zinamshinda, na wa kwanza kumpa ushauri ni mwenye kopo la dawa. Kisha huyo huyo ndiye mama wa kesho. Tukisema "nyumbani" tujiulize nyumbani ni nani anayejua.

Hapo kwenye dawa silegei, na kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyokaza. Wanaopika sabuni majumbani wanajua kostiki soda haishikwi bila glavu. Dawa nyingi za kunyoosha zimetengenezwa kwa kitu hicho hicho. Huvunja vile vifungo vya salfa vilivyoupa unywele mkunjo wake, na vikishavunjika havirudi, mpaka uote mwingine, nao huota kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwezi. Zile za kopo lenye picha ya mtoto mara nyingi hutumia aina ya chokaa badala ya kostiki, lakini nazo ni kali, zikikaa huunguza. Mwanamke mzima anayetaka dawa ni kichwa chake, na nitamshonea gauni la kwenda nalo harusini kwa moyo mweupe. Mtoto, hapana. Sababu ya "hakipitiki kitana" haitoshi, maana nimewaeleza kilivyopita.

Wala kusuka si salama kwa sababu tu si dawa. Vipele vidogo kandokando ya msuko, ngozi ya paji kuvutwa mpaka nyusi zinapanda, mtoto kushindwa kulalia upande mmoja: hiyo ni misuko iliyokazwa, ifumuliwe usiku huo huo hata kama fedha imeshalipwa. Nywele za pembeni zikianza kurudi nyuma, mapema zinaweza kuota tena mkiacha kuzivuta. Mkiendelea, vitundu vyake hufunga kwa kovu na haziji tena. Sisi wa Moshi hatuna udhuru wa kuchelewa kuuliza, pale hospitali ya rufaa ya KCMC kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992. Ngozi ya kichwa nayo ni ngozi.

Kwa hiyo, wahariri, nilianza nikiwa wa nyumbani na kura yangu naomba muiandike hivi. Mwenye siku nzima, maji na mtu mwenye subira, nyumbani, tena bila kusita. Asiye na hivyo, ampeleke mtoto kwa msusi mpole, na asione haya kwa hilo, ilimradi pasiwe na dawa na rasta zisikae zaidi ya miezi miwili. Kwa nyumba nyingi ninazozijua, nikisema kweli, hiyo ya pili ndiyo inayowezekana siku za kawaida. Dada yangu amekwisha kutafuta msusi huko Dar. Nimemwambia aulize mambo mawili kabla ya kulipa: kama anachana nywele zikiwa na unyevu, na kama mtoto akisema "inauma" yeye hufumua au humwambia avumilie. Akijibu avumilie, waondoke, watafute mwingine.