Lipu nyembamba juu ya rangi: itashika au itaanguka?

SWALI: Habari fundi. Kuta za nje za nyumba yangu zimeshapakwa rangi mara nyingi tu, sasa zimechoka, zina nyufa ndogondogo kama nywele na upande mmoja ukipitisha mkono unatoka na unga. Nataka niachane na habari za kurudia rangi, nipige lipu nyembamba juu yake. Fundi mmoja kaniambia lazima tubandue rangi yote mpaka kwenye plasta, mwingine anasema tupake gundi tu tuendelee na kazi. Nimsikilize yupi?

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujamchagua fundi upime kwanza huo ukuta, maana bila kupima wote wawili wanakisia tu. Lipu ukiipiga juu ya rangi haishiki ukuta, inashika rangi, halafu rangi ndo inashika ukuta, kwa hiyo kazi yako yote itakuwa imeegemea ile rangi ya zamani hata ukinunua saruji nzuri kiasi gani. Na lipu siyo nyepesi kama watu wanavyodhani, unene wa milimita 5 tu unakaribia kilo 10 kwa kila mita ya mraba, na kibaya zaidi ikiwa inakauka inasinyaa na kuivuta rangi iliyo chini yake. Rangi iliyokaa miaka yote bila mzigo leo inavutwa, inaachia kidogokidogo, ukigonga ukuta unasikia uko wazi kwa ndani. Siku kipande kikianguka kigeuze uangalie mgongo wake, utakuta rangi imeng'ang'ania pale yote, yaani saruji ilishika vizuri kabisa, rangi ndo haikuwa na pa kushika.

Sasa vipimo, na hivi unafanya mwenyewe. Futa ukuta kwa kiganja kikavu, ukitoka na unga jua rangi imekufa juu. Mwagia maji kidogo, yakiteleza yote kama kwenye sahani basi ukuta haunywi na saruji haitapata pa kuingia. Halafu chukua kisu kikali, chora mistari sita ya kusimama na sita ya kulala, iachane milimita 2 au 3, mpaka uguse plasta, bandika selotepu ngumu uikandamize kisha uivute kwa nguvu mara moja. Vile viboksi vikibaki ukutani rangi bado ina nguvu, vikiondoka na tepu usijidanganye. Fanya hivyo kila upande wa nyumba na siyo sehemu moja tu, upande unaopigwa na jua na mvua mara nyingi uko hoi wakati wa pili uko salama.

Kwa huo upande wako unaotoa unga, fundi wa kwanza yuko sahihi, rangi itoke. Kwangua, tumia grainda au mashine ya maji ya presha, na kama hapo chini kuna chokaa ya zamani nayo iondoke yote maana chokaa haibebi kitu. Ila nyumba ikiwa ya zamani sana usiisage rangi ikiwa kavu, rangi za kale nyingi zilikuwa na madini ya risasi na lile vumbi ni sumu, hasa kwa watoto. Iloweshe, vaa barakoa ya maana, na zile takataka zikusanye.

Rangi ya mafuta ni kesi nyingine, hata ikionekana ngumu mimi siiachi chini ya saruji. Saruji mbichi ina ukali wa alkali na ule ukali unayageuza mafuta yaliyomo kwenye rangi kuwa kama sabuni, kwa hiyo rangi inalainika yenyewe lipu ikiwa tayari iko juu.

Rangi ya maji iliyofaulu vipimo vyote inaweza kubaki. Ioshe, ua ukungu na uache ikauke, ziba nyufa, kisha paka praima, yaani mpako wa kwanza wa kushikisha, yenye chembe za mchanga ili ukuta uwe na makwaruzo. Hapo ndo namjibu fundi wako wa pili: gundi gani? Ile gundi nyeupe ya mbao usiikubali nje hata kidogo, ikipata maji inarudi kuwa laini. Juu ya praima unapiga lipu iliyochanganywa gundi yake kiwandani, milimita 3 hadi 6, na katikati unazamisha neti ya faiba isiyoliwa na saruji. Neti isigusane na rangi, pakaza lipu kwanza, ikandamize neti ndani kwa mwiko ikiwa bado mbichi, kisha ifunike, na vipande vipandane sentimita 10. Kwenye kona za madirisha ongeza kipande cha mshazari, nyufa huanzia pale.

Na kabla ya kuanza ukuta mzima, piga kipande cha majaribio cha sentimita 30 kwa 30, acha neti itokeze kwa chini, subiri siku kadhaa ikauke vizuri halafu ivute. Neti ikichomoka kwenye lipu na lipu ikabaki ukutani, endelea. Ikija na rangi, bandua yote.

SWALI: Fundi, mimi ukuta wangu kwa chini una unyevu na rangi inavimba kila mara. Lipu itaficha?

JIBU: Itaficha kwa muda mfupi dada, halafu nayo itavimba. Maji yanapanda kutoka ardhini au kuna bomba linavuja, na ukiyafungia ndani yatatafuta pa kutokea. Tafuta kwanza chanzo, udongo uliorundikwa ukutani ushushe, ukuta ukauke, na lipu mpya iishie kama sentimita 15 juu ya ardhi isije ikanyonya maji ya chini. Usipige juani wala mvua ikinukia, na ikishashika iloweshe kwa manyunyu siku chache, ikikauka haraka inapasuka. Rangi ya juu subiri karibu mwezi.