Mshumaa unachimba kisima, unatoa masizi au unapinda: tatizo ni nta na utambi visivyoendana

Dada uliyeuliza kutoka Chumbageni, umeleta matatizo matatu kwa pamoja. Mishumaa yako ya glasi inachimba kisima katikati na kujizima huku nta ya pembeni haijaguswa. Ya vifuu vya nazi, ile ya kuwauzia wageni wa Pangani, inatoa masizi. Na ile ya kusimama imepindia stoo mwezi wa pili. Umesema pia kwamba yote unaitengeneza kwa nta ya parafini "ya kawaida" iliyochanganywa na mafuta ya nazi, na utambi ni ule ule mmoja, uzi mweupe wa dukani unaousokota mwenyewe. Hapo ndipo penye shida. Umeuliza utambi gani ni mzuri. Hakuna utambi mzuri peke yake. Kuna utambi unaoifaa nta fulani ndani ya chombo chenye upana fulani.

Utambi ni pampu. Unanyonya nta iliyoyeyuka, unaipandisha juu, joto linaigeuza kuwa mvuke, na huo mvuke ndio unaowaka. Pampu ikiwa ndogo, moto unakuwa mdogo, joto halifiki pembeni, mshumaa unachimba kisima na mwisho utambi unazama kwenye nta yake wenyewe. Pampu ikiwa kubwa, mvuke unazidi hewa iliyopo, sehemu yake haiungui vizuri, na hiyo ndiyo masizi unayoyaona. Kwa hiyo uzi mmoja unaweza kuzama kwenye glasi na kutoa moshi kwenye kifuu siku hiyo hiyo.

Tuanze na nta, maana bila kuijua nta yako huwezi kupima utambi. Parafini si kitu kimoja. Kwenye gunia au boksi hukuta namba kama 58/60. Hizo ni nyuzi joto za kuyeyuka. Ya 58 hadi 60 na kuendelea ni ya mishumaa ya kusimama. Ya glasi inafaa iwe laini zaidi, kama 50 hadi 54, ili ishike ukuta wa glasi na iyeyuke mpaka pembeni. Ukipimiwa kwa kilo bila gunia, pima mwenyewe: weka vipande kwenye kikombe cha bati, kikombe kwenye sufuria ya maji, kipimajoto ndani ya nta, moto mdogo kabisa, koroga. Nta ikimaliza kuwa nyeupe na kuwa angavu, soma. Halafu iache ipoe na usome tena inapoanza kujenga utando juu. Kati ya namba hizo mbili ndipo ilipo nta yako.

Mafuta ya nazi ndiyo yaliyopindisha mishumaa yako ya kusimama. Yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Tazama chupa ya mafuta ya nazi jikoni kwako: hapo Tanga mjini ni maji karibu mwaka mzima, lakini chupa hiyo hiyo ukipanda nayo Lushoto, asubuhi unaikuta imeganda nyeupe. Sasa ukiyatia kwenye mshumaa wa kusimama, umeweka kimiminika ndani ya kitu unachotaka kiwe kigumu. Mwezi wa pili, stoo yenye paa la bati bila dari huweza kupita nyuzi 40 mchana, na kufika hapo nta haihitaji kuyeyuka ili ipinde, inatosha kulainika. Kwenye glasi unaweza kutia kidogo, gramu 5 kwa kila gramu 100 za parafini, usizidishe. Kwenye mishumaa ya kusimama usitie hata kijiko. Huko weka stearini, asidi ngumu ya mafuta inayochanganywa na nta, gramu 10 kwa gramu 90 za parafini ya 58/60. Stearini inaufanya mshumaa uwe mgumu na mweupe, na unatoka kwenye kalibu bila kung'ang'ania. Stoo nayo: shusha mishumaa chini sakafuni, ilaze au isimamishe kwenye boksi la karatasi, usiiweke kwenye rafu ya juu karibu na bati.

Nta ya soya nitaipita haraka. Ile ya glasi huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 54, ni laini kuliko unavyofikiri, na inahitaji utambi mnene kuliko parafini kwa glasi ile ile. Ikiota ukungu mweupe juu ni namna yake ya kuganda, haijaharibika.

Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 na ikiyeyuka ni nzito, inapanda kwenye utambi kwa shida. Kwa hiyo utambi mnene tena kuliko wa parafini, na uliosukwa kwa pande nne ndio unaoiweza. Ukinunua ile ya mfugaji ambayo haijasafishwa, isafishe kwanza, kwa sababu mabaki ya asali na takataka za mzinga huziba utambi na unaweza kuhangaika kubadilisha tambi bure. Iyeyushe kwenye maji ya mvua, si ya kisima chenye chumvi chumvi, kwenye sufuria ya stili na si ya chuma wala shaba maana itabadilika rangi. Ichuje kwa kitambaa, iache igande juu ya maji polepole usiku kucha, kisha kwangua uchafu wa kijivu ulioshika upande wa chini. Rudia mpaka upande wa chini utoke safi.

Sasa utambi. Kabla ya kitu kingine, hakikisha uzi wako ni pamba. Nyuzi nyingi nyeupe za dukani zimechanganywa na polista na hakuna anayekwambia. Kata kipande cha sentimita 5, kiwashe, kizime, subiri kipoe, halafu kiguse kwa vidole. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu jepesi linalosagika. Polista hujikunja mbali na moto na kuacha tone gumu jeusi kama kichwa cha pini. Tone hilo ndilo linaloziba njia ya nta. Ukilipata, uzi huo tumia kushonea magunia. Na wanaouliza kuhusu uzi wa katani kwa kuwa mkonge uko tele hapa: haufai. Nyuzi zake ni ngumu, hazinyonyi nta kama pamba, na ukizimwa hubaki na kaa jekundu linalofuka moshi.

Umesema unasokota. Acha kusokota, suka. Uzi uliosokotwa husimama wima katikati ya moto, ncha yake haifiki kwenye ukingo wa mwali ambako hewa ipo, basi haiungui ikaisha. Inajenga kichwa cheusi kama uyoga, na kichwa hicho ndicho kinachotoa masizi na kudondosha vipande kwenye nta. Uliosukwa bapa hujipinda kidogo, ncha inatoka nje ya mwali na kujikata yenyewe. Kwa mishumaa ya kusimama huo ndio wangu siku zote. Kwenye glasi una kasoro moja: nta ya pale ni laini na dimbwi ni la kina, utambi bapa ukijipinda sana unalala na kuzama. Hapo tumia wenye moyo wa karatasi au wa pamba, unaouzwa ukiwa na kibati chake chini.

Kwa parafini, vipimo vya kuanzia vya utambi bapa ni hivi: mshumaa wa kipenyo mpaka sentimita 2.5, nyuzi 15. Kuanzia hapo mpaka 5, nyuzi 18. Kutoka 5 mpaka 7.5, nyuzi 24, kutoka 7.5 mpaka 10, nyuzi 30. Hizo ni nyuzi nyembamba za kiwandani, usihesabu uzi mnene wa kufumia ukadhani ni sawa. Ni vya kuanzia tu, majaribio ndiyo yanayoamua.

Ukisuka mwenyewe, uloweke kwenye dawa: maji ya moto mililita 350, boraksi vijiko vikubwa 2, chumvi kijiko kikubwa 1. Acha saa 24, anika. Dawa hii inaupunguzia uzi ukali wa kuungua ili usiishe kabla ya nta. Hapa pwani watu wengi wanaharibu kwenye kukausha. Wakati wa masika utambi uliokaa siku mbili kambani bado una unyevu ndani, na chumvi nayo inavuta unyevu zaidi. Ukiuwasha unalia tatata, mwali unarukaruka, unazima. Uanike juani siku tatu au uweke juu ya jiko lililozimwa likiwa na joto, halafu siku hiyo hiyo utie nta. Kutia nta ni kuuzamisha kwenye parafini ya nyuzi 70 hadi 75. Utaona viputo vinatoka, hewa inaondoka na nta inaingia. Viputo vikikoma, toa, nyoosha kwa vidole, ning'iniza.

Kusoma mshumaa ukiwaka. Kata utambi ubaki milimita 5 au 6, washa chumbani mlango ukiwa umefungwa na feni imezimwa. Upepo wa kusi ukipita dirishani utakudanganya: mwali unalala upande mmoja, glasi inafanya weusi upande huo, na wewe unalaumu utambi. Kwa kawaida dimbwi la nta linapanuka sentimita 2.5 kwa saa, kwa hiyo glasi ya sentimita 7 ipe saa tatu kabla ya kuihukumu. Likifika pembeni likiwa na kina cha milimita 6 mpaka 12, umepatia. Likibaki na pete ya nta ngumu baada ya saa nne, panda saizi moja. Likifika pembeni ndani ya saa moja, mwali ukazidi sentimita 5 na glasi ikawa haishikiki, shuka saizi moja. Hiyo ni hatari, glasi inaweza kupasuka.

Na mnunuzi umwambie: mara ya kwanza asizime kabla dimbwi halijafika pembeni. Kisima kikishaanza, mshumaa unaendelea kukifuata hicho hicho.

Vifuu sasa. Kifuu ni kipana na kifupi, mara nyingi sentimita 9 au 10 juu, kinapungua kuelekea chini. Utambi mmoja mnene ukitosha pale juu, chini utakuwa mkubwa kupita kiasi na umezungukwa na kitu kinachowaka, maana kifuu ni kuni nzuri na kila mama hapa Tanga anajua hivyo. Weka tambi mbili ndogo, nyuzi 18 kila moja, zikiwa mbali sentimita 4 hivi, kila moja isikaribie ukuta chini ya sentimita 2. Vibati vyake viwe na shingo ya milimita 10 ili moto ujizime kabla ya kugusa kitako. Kwangua makumbi yote ya nje. Unyuzi mmoja ukilowa nta unakuwa utambi wa tatu. Tazama na macho ya nazi: moja kati ya matatu ni laini, na nta ya moto hupita hapo ikamwagika mezani. Tumia nusu isiyo na macho.

Mengine kwa kifupi. Rangi za penseli za nta na za maji huziba utambi. Tumia rangi inayoyeyuka kwenye mafuta. Manukato kwenye parafini yaishie gramu 3 mpaka 6 kwa mia, ukizidisha mshumaa unatoka jasho, hasa kwenye joto letu. Mafuta ya karafuu yatie mwishoni, karibu na kumimina, kwa sababu moto mkali unayapeperusha. Parafini ya glasi mimina kwenye nyuzi 70 hadi 75, ya kalibu 80 hadi 85. Ikipoa inasinyaa na kuacha shimo kando ya utambi: toboa kwa sindano ya kufumia utando ukishakaza, mimina tena nta iliyoizidi ya kwanza joto kidogo. Usiharakishe kwa friji, itapasuka. Nta iyeyushwe ndani ya sufuria iliyokaa kwenye maji, siyo juu ya mkaa moja kwa moja, na ikishika moto funika kwa mfuniko. Maji yakimwagwa kwenye nta inayowaka yanageuka mvuke papo hapo na kuirusha juu yako.

Fungu lako lijalo fanya glasi tatu tu za kipenyo cha sentimita 7. Glasi ya mililita 200 ukiijaza mpaka 180 inachukua parafini gramu 140 hivi. Nta iwe moja, bila mafuta ya nazi, bila rangi wala harufu. Tofauti iwe utambi peke yake, saizi tatu zinazofuatana. Pima kila moja kwa mizani kabla, iache iwake kwa muda wa saa nne, zima, ikipoa pima tena. Kwa upana huo, ile inayokula gramu 4 mpaka 6 kwa saa na glasi ikabaki safi ndiyo yako. Ukiipata, tia harufu na urudie kupima, maana manukato hubadilisha namna nta inavyopanda. Leta namba zako hapa pamoja na namba iliyoandikwa kwenye gunia, tuangalie vifuu kutokea hapo.