Jibu: GPS na otopailoti ya boti. Hasi ya data SI hasi ya betri!

Usiunge! Weka koleo chini, zima swichi kuu, halafu soma mpaka mwisho.

Mleta uzi una boti ya faiba futi 28 hapo Malindi, GPS mpya yenye ramani, otopailoti (kile chombo kinachoshika usukani chenyewe) ya mkono wa pili. Umeuliza manne: waya gani uende na upi, unene wa waya wa umeme, antena ikae wapi, na kama ukishaunga boti itakufikisha Lamu yenyewe. Leo najibu la kwanza na la mwisho tu. Lakini kilichonitoa jasho ni ile picha yako ya mwisho na maneno uliyoandika chini yake: fundi kakwambia nyaya zote zilizoandikwa minus uzikusanye zote kwenye minus ya betri, "data itapita tu".

Kweli, itapita. Ubaya wa jambo lenyewe ndio huo.

Lugha wanayoongea vyombo hivi ni NMEA 0183. Ilipoanza mwaka 1983 ilikuwa waya mmoja wa data, na kurudi ni kwa hasi ya kawaida. Toleo la 2.0 la mwaka 1992 likabadilisha mambo: data inasafiri kwa nyaya mbili, A na B, na chombo kinachosikiliza kinapima tofauti kati ya A na B, hakina habari na betri. Kiwandani wengine huandika TX/A na TX/B, wengine TX+ na TX− (TX ni kutuma, RX ni kupokea). Hiyo alama ya kutoa ndiyo iliyowapoteza wengi.

Sikiliza vizuri hapa. GPS ikiwa imenyamaza, waya B unakaa kama volti 4 au 5 juu ya hasi ya betri. Waya A ndio ulio karibu na sifuri. Data ikianza kutoka, zinapokezana: A juu B chini, A chini B juu, mara elfu kadhaa kwa sekunde. Sasa wewe unachukua waya wenye volti 5 unaukaza kwenye hasi. Ungekuwa waya wa taa ungeita shoti na kuruka nyuma. Huu kwa sababu ni mwembamba na umeandikwa minus, unaukaza kwa skrubu na kusema alhamdulillahi.

Na otopailoti itasoma! Ndani ya mlango wake wa kusikiliza mna kitaa kidogo kinachowaka na kuzima kufuata tofauti ya A na B. Hata B ikibanwa kwenye sifuri, A bado inapanda na kushuka, kitaa bado kinawaka, namba zinaonekana. Fundi anafuta mikono, anapokea chake, anapanda tuktuk. Nyuma yake ile chipu ya kutuma inabaki kusukuma mkondo kwenye shoti muda wote GPS ikiwa imewashwa. Chipu nyingi zina kinga ya kubana mkondo, kwa hiyo haifi mbele ya macho yako. Inapata moto, ndani ya kisanduku kilichozibwa maji yasiingie, chini ya jua la Malindi. Inachoka polepole, halafu siku moja otopailoti inaanza kulia haipati data. Ukitazama GPS, skrini safi, ramani ipo, satelaiti zote zipo. Kilichokufa ni mdomo tu. Hapo ndipo watu huanza kulaumu otopailoti, wanaifungua, wanaharibu na hiyo.

Bei ya bodi ya ndani ya GPS, yenye hiyo chipu, msiniulize naijuaje. Tuseme nilisikia kwa jirani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ushauri huo haukuzuliwa hewani. Kwa GPS za zamani za waya mmoja wa data ulikuwa sahihi kabisa: waya wa data unaenda A ya otopailoti, na B ya otopailoti inaenda kwenye hasi ya GPS. Mafundi walijifunza hapo na hawakuongeza ukurasa. Yuko mmoja wa video, na shati lake jeupe, anakusanya hasi zote kwenye skrubu moja huku anatabasamu. Natamani angalau angeonyesha video ya miezi sita baadaye.

Na usinijie na rangi. "Bluu kwa bluu" ndio wimbo mwingine. Kwenye Garmin za sasa bluu ni TX/A na kijivu ni TX/B, kahawia ni RX/A na zambarau ni RX/B. Kwenye Simrad na Lowrance njano ndiyo TX/A, na bluu ni TX/B. Rangi ileile, waya tofauti! Na otopailoti ya mkono wa pili kama yako, mwenye nayo wa kwanza huenda aliunganisha kipande cha waya wa spika katikati, rangi zote zikaishia hapo.

Kwa hiyo unapima. Hakuna njia nyingine, na mita ya bei ya chini kabisa inatosha. Nyaya za data ziwe huru, hazigusani, hazigusi chochote. Washa GPS. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Waya mweusi wa mita kwenye hasi ya GPS, mwekundu unagusa kila waya wa kutuma kwa zamu. Namba itatetemeka kila data inapotoka, usiogope, tazama inapotulia.

Ukikuta nyaya mbili, mmoja karibu na sifuri na mwingine volti 4 au 5, una A na B za kweli. Ile ya karibu na sifuri ni A. A kwa A ya otopailoti, B kwa B, basi. Hasi ya betri haihusiki hapo hata kidogo.

Ukikuta waya mmoja tu wa kutuma, nao unasoma chini ya sifuri, mfano −5 au −6, au unachezea sifuri, hiyo ni ya mtindo wa zamani. Hapo data kwa A, na B ya otopailoti kwa hasi ya GPS.

Kuna hali ya tatu, GPS ina A na B lakini otopailoti ina waya mmoja tu wa kupokea na hasi yake. A iende kwenye kupokea, hasi kwa hasi, na B ya GPS HAIENDI POPOTE. Ikate kichwa, ivishe mpira wa kubana kwa moto, ilaze pembeni. Ikiachwa uchi kwenye hewa ya chumvi, itagusa kitu yenyewe bila kumsubiri fundi.

Kosa la kugeuza A na B si la kuogopa. Halichomi kitu, data inatoka takataka tu, unageuza unaendelea. Ukiunga na kompyuta ukaona herufi za ajabu badala ya mistari inayoanza na alama ya dola, ama umegeuza ama kasi haifanani. Kasi ni 4800 pande zote mbili. Ile ya 38400 ni ya AIS, chombo cha kutambuana meli kwa redio, usiiguse.

Halafu utakuja kulia hapa kwamba umeunga sawa na otopailoti bado inakataa kufuata njia. GPS inatuma data kwa mistari inayoitwa sentensi, kila moja na jina lake. Sentensi ya RMC inabeba mahali ulipo, kasi na mwelekeo wa mwendo. Kufuata mstari kunahitaji APB, au RMB na XTE, zile zinazosema njia iko wapi na umeiacha kiasi gani, na hizo GPS haizitoi mpaka uiambie unakwenda wapi. Weka pointi, bonyeza "Go To", ndipo APB inaanza kutoka. Ingia pia kwenye menyu uhakikishe imeruhusiwa. Zima GSV, ile ya orodha ya satelaiti: kasi ya 4800 inabeba herufi kama 480 tu kwa sekunde, na GSV inakula nafasi bila faida kwa otopailoti.

Kuhusu Lamu: boti haitakufikisha yenyewe. "Go To" ya Malindi mpaka Lamu ni mstari ulionyooka, na mstari haujui Ras Ngomeni wala visiwa vya Tenewi. Vunja safari kwa pointi zako mwenyewe nje ya miamba, na ukikaribia mlango wa Lamu, kabla ya Shela na Ras Kitau kukubana, otopailoti iweke standby ushike usukani mwenyewe. Kwenye Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, otopailoti usiifikirie kabisa. Wakati wa kusi mawimbi yatakusukuma kwa nyuma upande wa tezi na boti itayumba kama mlevi, kwa hiyo ukiona usukani hautulii, punguza ukali wa mwitikio kwenye menyu kabla mota haijachemka.

Sasa fungua ile skrubu yenye nyaya zote, zitenganishe, upime. Kisha weka hapa modeli ya GPS, modeli ya otopailoti, na volti ulizosoma kwenye kila waya wa kutuma. Picha ya rangi sitaki.