Mashine ndogo ya kufulia hapa Kigoma, na lile jina walilokuchekea dukani

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kama mashine ndogo ya kufulia itakufaa wewe mwenye watu watano kwenye nyumba ya kupanga pale Katubuka, bomba liko uani na mnachangia na wapangaji wengine. La pili umelieleza kwa aibu: uliingia dukani ukaomba Hisense kwa kuisoma kama ilivyoandikwa, hi-se-nse, vijana wakacheka, ukatoka hata bei hujauliza. Nakujibu yote mawili. Nina mgahawa hapa Mwanga, natumia mashine ya mabeseni mawili huu mwaka wa nne, na hilo la jina nami lilishanila hela.

Nianze na jina, maana ndilo lililokutoa dukani.

Ulilisoma kwa kanuni ya Kiswahili, kila herufi na sauti yake. Kanuni hiyo haina ubaya, na kwa majina mengine inakufikisha salama. Hitachi ni la Kijapani, Beko ni la Kituruki. Yasome kama unavyosoma "kitabu" na umepatia. Hilo Beko ni vipande vya majina ya watu wawili, Bejerano na Koç. Tabu inaanza kwenye ya Kijerumani. Bosch ni jina la mtu, Robert Bosch, aliyefungua karakana yake Stuttgart mwaka 1886, na zile sch kwa Kijerumani ni sh yetu tu. Ni Bosh. Sisi tukiongeza i mwishoni tukasema Boshi, hatujaharibu kitu, ndivyo ulimi wetu unavyopokea maneno. Miele ni Mii-le, kwa kuwa ie yao ni i ndefu.

Hisense sokoni inatamkwa Hai-sensi. Wachina wenyewe wanaiita Haixin, ukiisikia ni kama Hai-shin. Halafu kuna Haier, ambayo wauzaji wengi wanaitamka Haia. Zote mbili zinaanza na Hai, na hilo halikutokea bure. Kampuni zote mbili ni za Qingdao, mji wa pwani huko China, na kwa maandishi ya Kichina majina yote mawili yanaanza na alama ileile, hai, yaani bahari. Hisense ilianza mwaka 1969 ikiwa kiwanda cha redio. Haier ilianza 1984 kwa kutengeneza majokofu kwa utaalamu wa kampuni ya Kijerumani iitwayo Liebherr, na Haier ni mkia wa jina hilo la Liebherr lilivyotamkwa Kichina. Jina la Wajerumani limepita kwenye ulimi wa Wachina likageuka jingine, na mashine zinauzwa dunia nzima kwa jina hilo. Sasa wewe kusema hi-se-nse kosa lako ni lipi hasa mpaka uchekwe?

Lakini kuelewana ni lazima, na hapo ndipo nilipoumia. Mwaka juzi mwanangu wa mwisho alikizungusha kitufe cha taima kinyumenyume, mara nyingi, kama anavyofungua kopo. Kikaachia ndani. (Hicho kitufe kinazungushwa upande mmoja tu, mwambie kila anayeingia humo ndani.) Nikapiga simu duka la vipuri Kariakoo, Dar es Salaam. Mashine yangu ni Haier, nikasema "Haieri". Kijana akaniuliza, "Hai ipi mama, Haisensi?" Simu inakatakata, mgahawani wateja wamejaa, nikaitikia ndiyo. Kipuri kikaja kwa basi, mzigo nimelipia mimi. Fundi alipofungua boksi, kile kijiti kinachovalishwa kitufe kilikuwa bapa upande mmoja. Changu kina meno mzunguko mzima. Alikijaribu mara mbili, akanirudishia mkononi bila kusema neno. Dukani wakakataa kurudisha hela. Tangu hapo siagizi kitu kwa mdomo: napiga picha ile karatasi iliyobandikwa nyuma ya mashine, yenye jina na namba ya modeli, naituma, nasubiri wanitumie picha ya kipuri ndipo nilipe.

Na sisi wa Kigoma tuna jambo la ziada ambalo wa Dar hawalijui. Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa Uvira, Kalemie na Bujumbura, watu waliosoma kwa Kifaransa, na Kifaransa hakitamki h. Kwao Hisense ni "Isansi". LG, ambayo sisi tunasema El-ji, kwao ni "El-je", kwa sababu herufi G wanaiita je. Wanaitaja hivyo kwa sauti kubwa, wanalipa, wanapakia kwenye boti, wanaondoka. Sijaona anayewacheka.

Sasa mashine yenyewe. Kwa bomba la uani usinunue ile ya mlango wa mbele. Inataka maji yanayokuja yenyewe kwa presha, na ikikosa inasimama katikati na nguo zako zimefungiwa ndani. Nyingi pia zinachemsha maji, na chuma chake cha kuchemshia kinaweza kula wati 2,000, yaani kama pasi mbili kwa pamoja. Chukua ya mabeseni mawili, upande mmoja kufua, mwingine kukamua. Unajaza kwa ndoo. Yangu ya kilo 7 inachukua ndoo mbili na nusu za lita 20. Inakula umeme kidogo: ukifua saa nzima uniti moja haiishi, hata nusu yake kwangu haifiki, kwa hiyo kama uko kwenye tarifu, yaani daraja la bei ya umeme, ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, haitakutoa humo kirahisi.

Maji usimwage mara moja. Anza na nyeupe, kwenye maji hayohayo zifuate za rangi, mwisho nguo za shule zilizojaa vumbi letu jekundu. Yakishachoka kabisa yanasafishia choo. Suuza kwa maji mapya. Vitenge na khanga mpya viloweke kwanza peke yake kwenye beseni la mkono mpaka viache kutoa rangi, nimeshapoteza shuka tatu nyeupe kwa kitenge kimoja cha kijani.

Sabuni ya unga punguza. Tumezoea kupima kwa povu, tukiona povu tunaona usafi. Kwenye mashine povu jingi linakwamisha upande wa kukamua, linajaa chini, ngoma inazunguka kwa uzito. Mimi naweka vijiko vitatu vya chakula kwa beseni zima, vinatosha.

Mawese ndiyo niliyotaka kukueleza vizuri, maana hapa kwetu hakuna nguo isiyoyajua. Vitambaa vyangu vya meza vilikuwa vinatoka kwenye mashine vikiwa na duara za rangi ya chungwa palepale zilipoingia nazo. Kosa langu lilikuwa kuvitumbukiza moja kwa moja. Doa la mawese lipakwe sabuni ya mche likiwa kavu, kabla ya tone la maji. Sugua mpaka sabuni igeuke rangi ya njano, acha nusu saa, kisha uloweke kwenye maji ya uvuguvugu ndipo iingie mashinani dakika kumi. Maji ya moto sana usimwage kwenye mashine, plastiki inajikunja. Hapo mafuta yameondoka ila rangi inabaki hafifu. Usiipige pasi. Anika juani doa likitazama juu. Rangi ile ni ileile iliyomo kwenye karoti, na jua linaiua. Ukianika saa tatu asubuhi, alasiri ukienda kuanua unatafuta lilipokuwa na hulioni. Kwenye kivuli linakaa wiki.

Upande wa kukamua unazunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika, kwa hiyo panga nguo kwa kuzizungusha ukutani mwa ngoma, usitupie shuka moja zito upande mmoja. Ikianza kujipigapiga na kutembea sakafuni, zima, panga upya. Kile kifuniko chembamba cha ndani usikidharau, ndicho kinachozuia soksi kupanda juu na kuchomoka. Usiingize mkono kabla ngoma haijasimama kabisa, na watoto wakae mbali.

Umeme na maji sakafuni si vitu vya kuchezea. Nyingine zinakuja na plagi ya pini mbili. Mwite fundi akuwekee ya pini tatu na waya wa ethi uunganishwe kweli, siyo kuchomeka adapta. Vaa ndala. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi mdogo, mota inanguruma bila kuzunguka, na ukiiacha hivyo dakika chache unasikia harufu ya kuungua. Weka mashine juu ya matofali au stendi, na mpira wa kutolea maji uuning'inize ukimaliza, panya wanaupenda.

Rudi dukani kulekule ukitaka, au duka jingine. Sema Hai-sensi, au Haia, au ionyeshe kwa kidole, vyote vinaruhusiwa. Kabla ya kulipa waambie waiwashe upande wa kukamua ukiwa mtupu, usikilize: sauti iwe moja, isiwe ya kukwaruza. Kisha inua kifuniko. Ngoma inatakiwa isimame ndani ya sekunde chache tu. Ikiendelea kuzunguka muda mrefu, breki yake haishiki, na hapo omba wakufungulie boksi lingine.