Riale ya 1780 si lazima iwe imepigwa 1780

Mkuu, umeuliza kama ile riale ya fedha uliyoikuta kwenye kasha la marehemu bibi yako ni ya 1780 kweli, na kama ni adimu. Pole kidogo, maana nami nilipita humohumo.

Yangu ilikuwa imetiwa kipete, ikining'inia kwenye kidani. Bibi akiiita riale ya Sham. Nilipoona sura ya Maria Theresa wa Austria amejitanda shela ya ujane, na mwaka 1780 nyuma, nikajua nimeshika mali. Nikaisugua kwa ndimu na majivu hadi ikawaka kama sufuria mpya. Sonara akaigeuza mara mbili, akaniambia: "Kijana, ulichokifuta hapa ndicho ulichokuja kukiuza." Ule weusi wa uzee nilikuwa nimeshaumaliza, akataka kuilipia kama fedha chakavu.

Malkia huyo alikufa Novemba 1780. Lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu walikuwa wameshaizoea sura ile, nyingine hawaitaki, basi Vienna ikaendelea kuipiga kwa mwaka uleule. Baadaye hata London, Bombay na Roma zikaipiga. Mussolini, mtawala wa Italia, aliitaka kwa ajili ya vita vyake vya Ethiopia. Kwa hiyo riale ya "1780" inaweza kuwa mdogo wake baba yako.

Usidanganywe pia na herufi S.F. chini ya kifua. Ni za maofisa wawili, Schöbl na Faby, wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg, mji ulioko Ujerumani ya leo. Kiwanda kilifungwa 1805, herufi zikabaki kwenye zote zilizofuata. Muuzaji akikwambia "ina S.F., ni orijino", mwache aendelee na safari yake.

Pima uzito: iwe karibu gramu 28.07, na fedha yake ni sehemu 833 kwa 1,000. (Yangu na kile kipete ilizidi 29, mizani haikunisaidia kitu.) Kisha soma ukingo: IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na rehema. Kama ukingo ni mtupu, hiyo ni ya bandia.

Ila ukikuta mwaka wa kabla ya 1780, au S.C. mahali pa S.F., usiiuze kwa sonara wa kwanza. Hizo ndizo wakusanyaji wanazozitafuta.

Tupia picha hapa, na ya ukingo usiisahau. Na tafadhali, usiioshe.